Kutoka Kiganjo Hadi Membley kwa Gari la Baba Mkwe

Wenzangu wa zamu ya asubuhi mmenichosha. Kila nikiingia kiwandani kuna mtu ananiuliza, "Wafula, ati kutoka Kiganjo hapa Thika mpaka Membley, safari ya dakika arobaini, ulitumia saa nane?" Nikianza kueleza kengele inalia, na yule aliyesikia nusu anaenda kumsimulia mwingine robo. Sasa nasikia kwamba tuliibiwa bampa, kwamba mke wangu alilivuta gari kwa kamba, na kwamba nilifunga grili ya dirisha la nyumba mbele ya gari. La kwanza ni uongo, la pili ni kinyume chake, la tatu ni kweli. Basi someni wenyewe.

Kwanza mjue gari. Ni seluni ya Kijapani, ya zile za zamani zenye pua ndefu na kona nne. Baba mkwe alinipa miaka kumi na miwili iliyopita alipoacha kuendesha. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa Gatanga, mtu wa maneno ya kuhesabu. Aliniwekea ufunguo mkononi mbele ya wanawe wote akasema, "Chunga." Nikalichunga miezi mitano. Siku moja nikitoka Sagana nikaona mshale wa dashibodi umepanda hadi juu kabisa, nikafurahi kwamba petroli bado ni nyingi. Kumbe haukuwa mshale wa petroli. Nilipofika Makutano injini ilikuwa imekauka maji, imechemka, imenoki ikafa, na mimi bado najipongeza kwa kutumia mafuta vizuri.

Niliona aibu ambayo siwezi kuwaeleza. Sikumwambia mzee. Nilimwambia mke wangu, Wambui, kwamba nitakanyaga kwao siku gari litakapopona, nami nitafika nalo. Hilo nililiapa. Gari likalala uani chini ya mpera, kuku wakahamia kiti cha nyuma wakawa wanataga humo, na Wambui akawa anaenda kwao peke yake, Krismasi baada ya Krismasi, na visingizio vyangu mkobani. Mzee alifariki miaka mitatu iliyopita. Nilikwenda kumzika, nikasimama nyuma kabisa pamoja na watu wa kupanga viti, na kabla chakula hakijaiva nilikuwa nimeshaondoka. Tangu lile gari linoki hadi anazikwa, mzee hakuwahi kuniuliza habari zake. Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Baada ya mazishi nikalivaa gari kwa nguvu zangu zote. Injini nilipata ya mtumba. Bodi nikaifanya mwenyewe nyumbani, Jumapili baada ya kanisa. Vipande vya asili havipatikani tena, kwa hiyo nilinunua vya faiba, vile vya kubandika: bampa la gari jingine kabisa ambalo nililikata kwa msumeno hadi likakubali, madigadi mapana ya juu ya magurudumu, sketi za ubavuni, na spoila ya nyuma. Wambui aliitazama ile spoila akiwa na ndoo mkononi.

"Sasa umeiwekea mkia," akasema. "Itafukuza nzi?"

Mama mkwe, ambaye sote humwita Mami, siku hizi anakaa Membley kwa binti yake Nyambura. Mwezi uliopita wakapanga chakula cha shukrani kwa sababu ametimiza miaka themanini. Wambui alinipa habari hiyo huku akikunja nguo, bila kunitazama, na kwa wanaomjua hiyo ni ishara mbaya.

"Baba Simiyu, mwaka huu utaenda. Nimechoka kukusemea. Na hiyo gari yako ifike na nguvu zake. Ikivutwa na kamba hata hatua moja, Jumatatu namwita mtu wa vyuma chakavu aibebe na kilo zake."

Nikamwambia itafika. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu ambaye gari lake lina mbele. Langu halikuwa nayo, maana grili, ule uso wa chuma unaofunika rejeta, ilikuwa bado, nimeagiza kwa fundi wa Mwiki. Lakini hayo mtayasikia.

Kutoka uani hadi nje ya geti: mita kumi na mbili

Saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye usukani, shati jeupe, tai ya harusi. Wambui alikuwa kando yangu katika gauni la kitenge, amepakata sufuria ya njahi, yale maharagwe meusi ya sherehe za kwao, na miguuni ameweka karai la chapati alizozipika tangu alfajiri. Majirani walikuwa wametoka na vikombe vyao vya chai. Injini iliwaka mara ya pili, nikatia gia, tukaenda vizuri sana hadi getini, na hapo tukasimama.

Nilidhani nimekanyaga jiwe. Nikatoka. Madigadi yangu mapana, niliyoyapima, nikayapaka, nikayasifu, yalikuwa yamegusa nguzo za geti kulia na kushoto kwa pamoja. Gari lilikuwa limeingia uani miaka kumi na miwili iliyopita likiwa jembamba, nami nikalinenepesha likiwa ndani. Upana wa geti sikuwahi kuufikiria hata siku moja.

Mama Otis wa nyumba ya pili alizunguka, akatazama upande huu na ule, akanywa funda moja. "Baba Simiyu," akasema, "hii imekuwa kama kujenga kabati ndani ya chumba."

Hapakuwa na njia nyingine. Nilivua shati, nikaleta spana, nikafungua madigadi manne, boliti sita sita, nikalitoa gari hadi barabarani likiwa magurudumu wazi, kisha nikayarudisha yote nikiwa nimelala kwenye vumbi. Wambui aliletewa kigoda na chai ya pili. Alikaa kando ya geti na sufuria yake akitazama saa. Chakula cha Membley kilikuwa saa saba, na tulipoondoka ilikuwa saa nne kasorobo. Watoto wa mtaa walitupigia makofi hadi kona.

Kiganjo hadi Juja, tukifukuzwa

Kwenye barabara kuu nilisahau yote. Gari lilinguruma, upepo ukaingia, mashamba ya mananasi yakabaki nyuma, na Wambui akalegeza kitambaa chake kidogo. Akasema, "Inaenda." Neno moja tu, lakini nimeishi naye miaka ishirini na sita, nalijua lina uzito gani. Nikaongeza mwendo hadi sabini.

Kabla ya Juja nikaona kwenye kioo cha pembeni bodaboda anatufuata huku akipunga mkono. Kioo hicho nacho nilinunua cha kubandika na kinatetemeka, kwa hiyo kila kitu ndani yake huonekana mara mbili. Niliona waendesha boda wawili wenye hasira, kila mmoja na ubao mweusi mrefu begani.

"Umegonga mtu?" Wambui akauliza.

"Sijagonga mtu."

"Sasa mbona anakuja na mti?"

Nikakanyaga mafuta. Naye akakanyaga. Nikahama njia, akahama. Wambui alikumbatia sufuria na kuanza Zaburi. Mwishoni nikaona ni heri nife nikiwa nimesimama, nikaingia kando ya barabara penye wauza tikiti maji. Boda akasimama mbele yetu akihema kuliko pikipiki yake.

"Buda, unakimbia nini?" akasema. "Si hii ni bampa yako?"

Ilikuwa bampa langu la nyuma. Lilikuwa limedondoka karibu na Mang'u, kilomita kadhaa nyuma, na yule bwana aliona, akaligeukia, akaliokota, akalibeba begani akiendesha kwa mkono mmoja. Kumbe zile skrubu nilizofunga zilikuwa za mbao, nilizobakiza nilipotengeneza mlango wa choo. Nikamwomba msamaha, mke wangu akamwomba msamaha mara mbili, kisha tukamkaribisha chapati. Alikula tatu na njahi iliyojaa kifuniko cha sufuria, amekaa kwenye ukingo wa barabara, akituambia kwamba yeye huokota vitu vingi njia hii: godoro, mbuzi, siku moja keki ya harusi.

"Lakini nyinyi ndio wa kwanza kunitoroka," akasema. Alikataa kulipwa. Alitusaidia kulifunga bampa kwa waya, akaugonga mkia wa gari mara mbili na kiganja, akaenda zake.

Juja hadi Mwiki, kwa sababu ya neno moja

Mnajua ramani. Ukitoka Thika, njia ya Membley unaifikia kwanza, na Mwiki iko mbele zaidi, ndani huko. Tulipokaribia njia ya Membley Wambui alinyoosha kidole. Nikaipita.

"Grili," nikamwambia. "Dakika ishirini tu."

"Wafula."

Akiniita kwa jina langu badala ya jina la mtoto, ujue. Lakini mwanzo wa gari ni uso wake, nami sikutaka kufika mbele ya wakwe na gari ambalo rejeta yake yaonekana. Miaka kumi na miwili nimengojea, halafu nifike na kibogoyo? Ni kiburi, nakubali. Kingekuwa kinapikwa, kingelisha kijiji.

Sasa sikieni nilivyoagiza. Jamaa mmoja aliniambia kuna fundi Mwiki, anaitwa Gitau, mkono wake ni wa dhahabu, chochote cha chuma anakitengeneza. Nikampigia simu nikiwa kiwandani, mashine zikipiga kelele. Nikamwambia nataka grili, sentimita mia na thelathini kwa thelathini na tano.

"Ni ya mbele?" akauliza.

"Ya mbele. Inatazama barabara."

"Mtu akikuja ndiyo anaona kwanza?"

"Hiyo ndiyo ya kwanza kuonekana. Iwe na heshima, fundi. Napeleka kwa wakwe."

"Sawa. Hiyo niachie mimi."

Tulielewana, au ndivyo nilivyoona. Tulimkuta Gitau kwenye kibanda chake cha mabati, miwani ya kuchomelea imepandishwa kipajini, ametabasamu kama mtu mwenye zawadi. Akafunua gunia. Ndani yake kulikuwa na grili ya dirisha. Nondo za mraba, nene, zimepakwa rangi nyekundu ile ya kuzuia kutu, na kati ya nondo amekunja vyuma vikawa maua matano na majani yake. Katikati palikuwa na moyo. Nyuma yake ameshonea wavu wa mbu.

Nilitazama grili, nikamtazama Gitau, nikatazama gari.

"Fundi," nikasema, "hii ni ya gari."

Tabasamu likashuka polepole, na l zake zikaanza kugeuka r. "Ya gari? Wewe ulisema griri."

"Ndiyo. Grili ya gari."

"Hukusema gari. Ulisema griri ya mbere, unapereka kwa wakwe. Mimi nikajua unawajengea." Akashika lile ua la katikati kwa uchungu. "Maua nimeweka mimi mwenyewe. Hata hukuniitisha. Nilisema, huyu ni mkwe mzuri, wacha nimsaidie."

Wambui alikuwa ameshuka. Alisimama akiitazama ile grili kwa muda mrefu, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na sikumbuki mara ya mwisho nilimwona akicheka hivyo, hadi akashikilia nguzo ya kibanda. Gitau naye akaanza, kisha mimi. Tulipomaliza Gitau alipima kwa futi yake, akasema, "Rakini saizi ni ire ire." Na kweli ilikuwa ile ile, kwa sababu vipimo nilitoa sawasawa.

Akatoboa matundu manne, akaifunga na boliti za geti. Pua ya gari ikashuka kidogo kwa uzito. Wambui akampa Gitau chapati nne na njahi kwenye sahani ya bati, naye akatutia ndizi mbivu garini tusiende mikono mitupu. Ilikuwa saa saba na nusu. Simu ya Wambui ilikuwa na miito mitano ya Nyambura.

Mwiki hadi kona ya Membley, macho kwenye mshale

Tangu kisa cha Sagana, mshale wa joto ndio ninaoutazama kuliko barabara. Tulipotoka Mwiki ulikuwa chini. Tulipofika lami kubwa ulikuwa katikati. Baadaye ukaanza kupanda, mdogo mdogo, na moyo wangu ukapanda nao. Nikazima redio, sijui kwa nini, labda ili usisikie.

Nilikumbuka kila kitu cha siku ile ya Makutano: moshi, harufu, simu ambayo sikupiga. Kuna sauti ndani yangu iliyosema twende tu, tumebakiza kidogo, saa zimekwisha. Nikaipuuza. Nilitoka barabarani, nikazima injini, nikafungua boneti, nikasimama hapo na maji ya chupa nikingojea ipoe.

"Ni nini?" Wambui akauliza.

"Ni moto. Nangoja."

Alinitazama. Nadhani alitegemea nibishane. Alishuka, akaja mbele, akainama akachungulia kati ya maua.

"Si ni hii net ya mbu? Upepo unaingilia wapi?"

Jamani. Nimefanya kazi kwenye mashine miaka thelathini, na mwanamke aliyevaa gauni la kitenge ndiye aliyeona. Akatoa kisu alichobeba cha chapati, tukaukata ule wavu pamoja, yeye akishika mimi nikikata, na jasho langu likidondokea moyo wa Gitau. Tulikaa nusu saa kwenye nyasi tukila ndizi. Nilimwambia kwamba ninaogopa. Sikuwa nimewahi kumwambia hivyo. Akasema, "Najua," akanipa nusu ya ndizi yake.

Injini ilipoa, nikajaza maji, nikageuza ufunguo. Kimya. Nikageuza tena. Ilitoa mlio mmoja mdogo, kisha haikutoa hata huo. Betri ilikuwa imekwisha, maana nilipofungua boneti niliacha taa zangu mpya za pembeni zikiwaka, nazo ni za kubandika pia na hazina haya.

Lori la mchanga likasimama. Dereva, mzee mwenye kofia ya sufu, akatazama kwa huruma, akavuta kamba nene kutoka nyuma ya kiti. "Wacha niwavute, ni hapa tu."

Kutoka pale kona ya Membley ilikuwa ikionekana. Akilini nilishamwona mtu wa vyuma na mizani yake. Nilitazama kamba, kisha chini, kwa sababu neno lilikuwa neno na nilikuwa nimelikubali. Nikafungua mdomo niseme asante, tuvute, yaishe.

"Rudisha kamba, mzee," Wambui akasema.

Akakaa kwenye ukingo wa barabara, akavua viatu, akavitia garini kando ya sufuria. Akakunja gauni, akalifunga kiunoni.

"Mama Simiyu, ulisema..."

"Nilisema kuvutwa. Kusukumwa sikusema. Ingia, tia gia ya pili."

Akaenda nyuma akaweka mikono chini ya mkia, ule ule wa kufukuza nzi. Dereva wa lori akacheka, akashuka kusaidia. Wanawake wawili waliokuwa wakitoka sokoni waliweka mifuko yao ya viazi chini wakaungana naye bila kuuliza chochote, mmoja akihesabu kwa Kikuyu: imwe, igiri, ithatu. Gari likasogea. Nikaachia klachi, likaruka, likakohoa, likawaka, na nyuma yangu nikasikia wanawake wakipiga vigelegele kama vya ruracio, siku ya kupeleka mahari. Sikuthubutu kusimama. Wambui alikimbia kando yangu miguu mitupu akafungua mlango akaruka ndani, mama wa miaka hamsini na mbili, akahema hadi tulipokata kona.

Langoni, na mzunguko wa estate

Mlinzi wa geti alitoa kitabu cha wageni. Namba ya gari akaandika. Jina akaandika. Akafika kwenye rangi, akasimama. Milango ya gari langu ni ya buluu ya zamani, madigadi kijivu, bampa jeusi, boneti nyeupe, na mbele maua mekundu.

"Boss, niandike nini?"

"Andika unachoona."

Akaandika kwa muda mrefu. Nilipochungulia nikaona ameandika "mbalimbali".

Saa kumi kamili tuliingia kwa Nyambura. Viti vilikuwa vimeanza kukunjwa. Wakwe walitoka wote, wakasimama barazani. Nilishuka na shati lenye madoa, tai begani. Nilikuwa nimejiandalia hotuba miaka kumi na miwili, na sikukumbuka hata neno moja.

Kisha Mami akatoka na mkongojo wake.

Lazima niwaeleze kitu, ninyi msiokuwa na wakwe wa huku. Kwetu Bungoma, mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Kwa Wakikuyu nako kuna neno lao, thoni, ile aibu ya heshima. Miaka ishirini na sita mimi na Mami tumesalimiana kila mmoja akiwa upande wake wa chumba. Sijawahi kukaa naye kochi moja. Siku ya harusi tulipigwa picha tukiwa na watu wanne katikati yetu.

Alilizunguka gari lote. Aligusa sketi, akagusa mkia. Mbele alisimama akatazama maua, akasema kitu kwa Kikuyu, na Nyambura akaziba mdomo. Kisha akaja upande wa abiria. Nyambura akakimbia kumfungulia mlango wa nyuma. Mami akagonga ule wa mbele kwa mkongojo.

"Hapa."

"Mami," nikasema, "hapo mbele..."

"Hapo mbele kuna nini? Kuna simba?"

Akaingia, akavuta mkanda, akaweka mkongojo katikati ya magoti. Hakuna aliyemkataza. Nikazunguka, nikakaa, mabega yetu yakiwa yameachana kwa upana wa kiganja. Injini nilikuwa sijaizima kwa hofu ya betri. Nikaendesha polepole, nikitazama mbele kana kwamba niko kwenye mtihani wa leseni.

Tulipita nyumba kumi. Kisha akaniita mkwe kwa Kikuyu, akaendelea kwa Kiswahili chake cha pole pole:

"Muthoniwa, tulikukosea nini?"

Sikuelewa. Nikamwambia hawakunikosea.

"Mzee alisema tumekukosea. Alisema, nilimpa huyo kijana gari mbaya, imemharibikia kwa njia, sasa amekasirika na ana heshima, hawezi kusema. Hata mimi nikimwambia akuulize, anasema, nitamuuliza nini, na ni mimi nilimwaibisha." Akaushika mkongojo. "Kila Krismasi kikombe chako kilikuwa kwa meza."

Nililisimamisha gari kando ya ua la mtu. Niliwaza yule mzee kule Gatanga, na mimi hapa Kiganjo, kila mmoja akiona haya kwa kosa la kitu kile kile, barabara ikiwa saa moja tu kati yetu. Nilikuwa na miaka tisa ya kumwambia. Nikalia, wenzangu, nikiwa nimeshika usukani kwa mikono yote miwili, kando ya mama mkwe, na hilo pia halifanywi.

"Mami, niliichoma mimi," nikasema. "Gari haikuwa na shida. Sikutia maji. Mshale niliusoma vibaya."

Akanigeukia.

"Maji tu?"

"Maji tu."

"Ngai," akasema taratibu. Akatoa leso kwenye mkoba, akaniwekea juu ya dashibodi, maana kunipa mkononi isingefaa. "Mzee angecheka mpaka aketi chini." Kisha akatazama nje dirishani. "Haya, endesha. Hawa majirani wa huku mwisho hawajaniona."

Tulizunguka mara tatu. Tuliporudi Wambui alikuwa barazani, bado miguu mitupu, na hakuna aliyetaja habari ya mtu wa vyuma. Chakula kilikuwa kimepoa, nikala sahani mbili.

Jumapili iliyofuata nilikwenda tena Membley kunywa chai. Nilikwenda kwa matatu, gari nikaliacha Kiganjo.